Unanipima, Mwalimu?

Lori lilikuwa limebeba saruji. Tulikuwa tumeshaiacha Chalinze, tunaelekea Morogoro, mimi na mama, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Mama alikaa kiti cha nyuma kama kawaida yake; anasema mbele kunamtia kizunguzungu. Barabara ilikuwa imenyooka, mstari wa katikati ni ule wa kukatika-katika unaoruhusu kupita, na basi lililokuwa likija upande wa pili lilikuwa mbali, nukta tu juu ya lami yenye joto. Niliwasha indiketa, nikashusha gia hadi ya tatu, nikakanyaga mafuta.

Gari liliitika. Mshale wa geji ya tabo ulipanda: 0.8, 1.0, 1.2. Nikaweka gia ya nne, mguu bado uko chini. Tulipofika usawa wa mlango wa dereva wa lori, gari likasita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha nikasikia mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kisha nguvu ikaisha. Basi halikuwa nukta tena.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori. Alifunga breki, akajitupa kushoto mpaka matairi yake yakaingia kwenye changarawe, nami nikajipenyeza mbele yake na gari lililokuwa likiserereka tu. Basi likapita likipiga honi ndefu ambayo niliendelea kuisikia hata baada ya lenyewe kupotea. Tuliposimama pembeni, mama hakupiga kelele wala hakulia. Alifungua mkanda, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, hili gari si uliniambia umelitengeneza?"

Nililitengeneza. Nataka kueleza nililitengenezaje, kwa sababu ndivyo tunavyoyatengeneza wengi wetu, na kwa sababu nimechoka kusikia kwenye kila kijiwe cha magari kwamba injini ya fulani "imenoki" kwa bahati mbaya. Si bahati mbaya. Hewa tunainunua, mafuta tunayakopa. Na hata siku tunapoikumbuka pampu ya mafuta, tunainunua kama hirizi: tunaifunga, tunaiamini, hatuipimi.

*

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, injini ya lita 2 yenye tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa zaidi. Nililinunua kwa mkopo wa saccos na fedha za masomo ya jioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana huko mbele litanifunga.

Kwa nini Subaru? Kwa sababu ileile ya wengi. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Wajomba zetu waliyaona magari yale ya bluu yakitimua vumbi, sisi tukarithi mapenzi bila kurithi maarifa. Gari la 1997 lilitajwa kuwa na nguvu za farasi 300 hivi, kwa kuwa kanuni zililazimisha hewa yote ya injini ipite kwenye tundu la milimita 34. Leo kijana wa Sinza atakuapia kuwa lake lina 350. Muulize amelipimia wapi, atakuonyesha video ya ekzosi ikitema moto.

Nami nilianza kama wengine. Kwanza ekzosi. Kisha chujio la hewa. Kisha tabo kubwa kidogo, iliyotolewa kwenye STI. Kisha ile vali inayopiga "pshii" ukiachia mafuta, ambayo haiongezi hata nguvu ya punda mmoja, ila inageuza shingo za watu pale Mwenge. Kompyuta ya gari ikapangwa upya, na msukumo wa hewa ukapandishwa kutoka kiwango cha kiwandani hadi baa 1.2. Hapo ndipo mtu mmoja kijiweni aliponiambia, "Dada, kwa hapo ulipofika, weka pampu kubwa."

Alikuwa sahihi. Nikaagiza nje pampu halisi ya Walbro, ile ya lita 255 kwa saa. Kwa kodi na usafiri ilinifikia kwa shilingi 320,000. Nilikuwa na risiti.

Siku ya kuifunga, fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha juu ya tangi, akaitoa pampu ya zamani, akaiweka mpya kwenye kikapu kilekile, soketi ileile, nyaya zilezile. Dakika 40 hazikufika. Nikamwambia, "Fundi, tusipime presha kabla sijaondoka?" Alitabasamu, akafuta mikono kwa kitambaa. "Unanipima, mwalimu?" Vijana wote wakacheka. Nami nikacheka.

Kicheko kile nakijutia kuliko fedha. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale gereji, na ilinichukua miezi kujifunza namna ya kukaa pale bila kuonekana mgeni. Kung'ang'ania kipimo kungenirudisha mlangoni. Kwa hiyo nilicheka, nikalipa, nikawanunulia soda, nikaondoka.

*

Tabo haitengenezi nguvu. Inaleta hewa tu. Nguvu iko kwenye petroli, na petroli lazima iingie kwa kipimo. Katika mwendo wa kawaida injini hutaka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Ukiikanyaga injini ya tabo mpaka mwisho, inataka mafuta mengi zaidi ya hapo, kilo 1 kwa kilo 11 au 12 za hewa, kwa sababu mafuta ya ziada yanapooza chumba cha moto. Yakipungua, joto linapanda, mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla moto ulioanzishwa na plagi haujaufikia, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Ndizo zile kokoto ndani ya kopo.

Sasa fanya hesabu nami. Haizidi ya kidato cha pili. Injini ya tabo iliyokanyagwa mpaka mwisho hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu ya farasi mmoja. Farasi 300 ni kilo 81. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo ni lita 108 kwa saa, au lita 1.8 kwa dakika. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, imwage yote ndani ya sekunde 50. Hicho ndicho kiasi ambacho pampu moja, yenye ukubwa wa tochi, inatakiwa kukivuta kutoka chini ya kiti cha nyuma na kukifikisha mbele, bila kukosa hata nusu sekunde.

Pampu ya lita 255 ina uwezo wa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo nilikuwa salama. Kwenye boksi.

Namba ya kwenye boksi ina masharti mawili. La kwanza ni presha. Kwenye gari kama langu, petroli hufika kwenye nozeli ikiwa na presha ya baa 3 hivi juu ya ile ya hewa iliyomo kwenye manifoldi. Tabo ikileta baa 1.2, regulata inaipandisha presha ya mafuta hadi kama baa 4.2, la sivyo hewa itazizuia nozeli zisimwage sawasawa. Maana yake ni kwamba pampu inapandishiwa mlima wakati uleule inapodaiwa mzigo mkubwa zaidi. Na mlima ukirefuka, lita zinapungua.

Sharti la pili ni umeme. Pampu hii ni mota. Lita zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa kwa volti 13.5 hivi. Ukiinyima volti, inazunguka polepole, na mota inayozunguka polepole haijali risiti yako.

*

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka pale panaposhika ringi. Kijiweni hukumu ilitoka siku hiyohiyo, kabla hata mtu hajagusa pampu. Wa kwanza alisema, "Umepigwa, pampu feki hiyo." Wa pili akasema, "Mafuta ya kuchakachua." Wa tatu, ambaye ni mcha Mungu, alisema ni jicho la watu.

Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitu. Hakuuliza pampu ni ya kampuni gani wala nilinunua bei gani. Aliuliza, "Ilikuwa inapata volti ngapi?"

Sikujua.

"Na wewe unafundisha somo gani vile?"

Tuliitoa pampu, tukaichovya kwenye ndoo ya petroli uwanjani, mbali na jiko na sigara, kizimamoto kikiwa pembeni, tukaipa volti 13.5. Ndani ya nusu dakika ilikuwa imejaza zaidi ya lita mbili. Pampu ilikuwa nzima na halali. Kisha tukairudisha kwenye gari, kwenye soketi yake na nyaya zake. Betri ilikuwa kwenye chaja, inasoma 13.9. Mzee akafunga geji ya presha, akaibana laini ya kurudisha mafuta kwenye tangi mpaka geji ikasoma baa 4.2, kama vile gari liko barabarani limekanyagwa. Akaweka ncha za mita kwenye soketi ya pampu.

9.7.

Nilisimama pale nikiwa na chaki bado kwenye kucha. Ni kanuni ya Ohm. Nimeiandika ubaoni mara ngapi? Pampu ilikuwa inavuta ampea 10. Volti 4.2 zilikuwa zinapotelea njiani. Gawanya: nyaya na soketi zilikuwa na ukinzani wa omu 0.42. Nyaya zile zilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya pampu ndogo, isiyovuta umeme mwingi, na kwa karibu miaka 20 zilikuwa zimeitosha kwa taabu. Pampu kubwa ilipokuja ilidai umeme zaidi, na kadiri ilivyodai, ndivyo waya ulivyomeza. Nilinunua pampu kubwa, na kwa kuinunua nikaizidishia njaa.

Mjini sikuona kitu, kwa kuwa mjini hukanyagi mpaka mwisho zaidi ya sekunde mbili. Mbele yako kuna bajaji. Njaa ile ilisubiri barabara ndefu, gia ya nne, na lori la saruji.

Halafu mzee akanionyesha soketi yenyewe. Ampea 10 kwa volti 4.2 ni wati 42. Ni joto la kile chuma ambacho fundi redio anayeyushia risasi, limegawanyika kati ya waya na soketi. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kulainika upande mmoja. Soketi ile iko juu ya tangi la petroli, chini ya kiti cha nyuma.

Mama alikuwa amekaa juu yake.

*

Tangu siku ile nimebishana na watu wengi, na hoja zao zimeshakuwa nne. Nitazijibu hapa ili nisirudie tena.

Hoja ya kwanza: fundi mzuri ana sikio, hahitaji mita. Naheshimu masikio ya mafundi. Nimeona wakitambua beringi iliyochoka kwa kusikiliza bonde la shina la bisibisi. Lakini injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Kufika wakati sikio limesikia kokoto, moyo umeshtuka na mguu umeachia, pistoni imeshapigwa makumi ya nyundo. Sikio linasikia msiba. Mita inauona ukiwa bado mbali. Na volti 9.7 hazina mlio.

Hoja ya pili: mafuta yetu ndiyo mabovu. Kwamba mafuta yamewahi kuchakachuliwa nchini si uzushi. Ndiyo maana EWURA ilianza kuyawekea vinasaba mwaka 2010. Ni kweli pia kwamba gari langu lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo Japani huuzwa ikiwa na oktani 98 hadi 100, na petroli yetu ya kawaida haifiki huko. Lakini hoja hii inamgeukia anayeitoa. Kama unajua mafuta yako hayana nafasi ya kusamehe, wewe ndiye unayetakiwa kupima zaidi kuliko Mjapani. Kusema "mafuta mabovu" bila kipimo ni kumsingizia mtu ambaye hayupo kujitetea.

Na tukitaja mafuta, tuseme na tabia yetu. Sisi wa mafuta ya elfu kumi, ambao taa ya tangi kwenye dashibodi tumeizoea kama taa ya barazani, tunaiua pampu kwa mikono yetu. Pampu hii inakaa ndani ya petroli kwa sababu petroli ndiyo inayoipooza. Tangi likikaa tupu kila siku, inachemka. Ukikata kona kwa kasi, petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa. Mtu ameweka tabo ya milioni na nusu, halafu anakwenda nayo barabara kuu akiwa na lita saba.

Hoja ya tatu: vipimo ni ghali. Hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Mita ya umeme niliyoinunua baadaye iligharimu shilingi 35,000. Ile vali yangu ya kupiga "pshii" iligharimu 180,000. Geji ya presha ya mafuta iligharimu chini ya vali. Sensa ya kusoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye ekzosi ndiyo ghali, imenifikia kwa karibu laki sita, na nakubali si kila mtu anayo. Lakini injini ya mtumba niliyoinunua badala ya ile iliyokufa iligharimu milioni 3.8 kabla ya ufundi. Usiniambie huna fedha za kupima. Niambie fedha ulizitumia kwenye vitu vinavyoonekana na kusikika, kama mimi. Pampu haionekani, hailii, haipigwi picha. Waya wa pampu hauonekani zaidi.

Hoja ya nne ni ya mama, na ya trafiki, na ya mwalimu mkuu wangu: kwani ulazima wa kuongeza nguvu ni upi? Hii naiheshimu kuliko zote tatu. Sina jibu zuri. Napenda. Mtu anapenda mpira mpaka anavunjika goti, mimi napenda injini. Lakini goti ni lake peke yake, na kiti changu cha nyuma kilikuwa na mtu. Kwa hiyo nakubali nusu ya hoja: asiye tayari kupima asiongeze. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu hata gari ambalo halijaguswa, la tabo kutoka kiwandani, lililokuja kwa meli likiwa na miaka yake mingi, lina pampu iliyochoka, soketi iliyokauka na filta ambayo haijabadilishwa tangu lilipokuwa na namba za Japani. Mwenye gari hilo anasema yeye hafanyi mambo ya vijana. Naye apime.

*

Basi kabla hujaongeza hewa, dai haya kwa fundi wako. Usiombe, dai; ni fedha zako, na mara nyingi ni roho za watu wengine.

Volti kwenye soketi ya pampu, pampu ikiwa inafanya kazi chini ya presha, si ikiwa imezimwa. Linganisha na betri. Kwangu, zaidi ya nusu volti ya tofauti hairuhusiwi tena. Kama tofauti ni kubwa, pampu ipate waya wake mnene kutoka betri, wenye fyuzi karibu na betri na rilei ya kuuwasha, waya wa hasi ulioshika bodi iliyokwanguliwa rangi, na soketi mpya. Rilei iamriwe na mfumo wa gari wenyewe, ili injini ikizimika na pampu izime. Nimeona gari ambalo pampu yake imefungwa moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi. Gari hilo likipata ajali, injini itakufa na pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya vyuma vya moto. Na kwa wenye Subaru za kizazi cha langu: baadhi zina kisanduku kinachoipunguzia pampu umeme gari likiwa limetulia. Fundi akijue kisanduku hicho kabla hajakata waya wowote.

Presha ya mafuta, gari likiwa limekanyagwa, si likiwa limesimama gereji linanguruma. Ikipanda pamoja na msukumo wa tabo, vizuri. Ikianza vizuri kisha ikaanguka kadiri mizunguko inavyopanda, achia mguu, rudi nyumbani, hakuna mazungumzo. Angalia na upande wa pili: pampu kubwa kupita kiasi kwenye regulata ndogo inaweza kupandisha presha hata gari likiwa limetulia, ukaanza kunusa petroli na kulaumu plagi.

Uwiano wa hewa na mafuta, ukirekodiwa mwanzo hadi mwisho wa gia, na yule aliyepanga kompyuta ya gari aitazame rekodi hiyo akiwa na wewe. Pampu ikibadilishwa, rekodi irudiwe. Aliyekupangia kompyuta halafu hana hata namba moja ya kukuonyesha, amekupangia kwa kubahatisha.

Filta mpya. Tangi lisishuke chini ya robo. Haya mawili hayahitaji fundi.

Nayajua majibu utakayopata, kwa sababu nimeyapata. Utaambiwa wewe ni msumbufu. Ukiwa mwanamke, utaambiwa kwa utani. Utaambiwa, "Unanipima?" Na hapa ndipo lugha yetu inapotupoteza, maana kumpima mtu na kupima kitu tunakutamka kwa neno moja, na fundi akisikia mita inatajwa anahisi ni yeye anayewekwa kwenye mizani. Mjibu kwa upole: hapana, fundi, napima waya. Waya hauna heshima ya kuvunjiwa. Fundi anayejua kazi yake atakuwa wa kwanza kuchukua mita, kwa sababu namba ikitoka nzuri, ushahidi ni wake. Siku injini ikifa kwa jambo lingine, hatatukanwa kwa kosa ambalo si lake.

Fundi wangu wa kwanza simlaumu kwa soketi. Hakuikaanga yeye; iliungua kwa umeme na umri. Namlaumu kwa kicheko, na katika kicheko tulikuwa wawili.

*

Ile soketi niliipeleka darasani. Nimeifunga kwenye ubao mdogo, na kila tunapofika kwenye ukinzani, inazunguka madawati. Wanafunzi wanaishika, wanaona plastiki ilivyolegea, tunafanya hesabu ya wati. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele aliinyoosha mkononi akauliza, "Lakini mwalimu, wewe kanuni hii ulikuwa unaijua. Kwa nini hukupima?"

Darasa zima lilinyamaza kungoja jibu. Nilimwambia ukweli: walinicheka.

Gari limerudi barabarani. Msukumo nimeushusha hadi baa 1.0. Kwenye soketi, pampu ikiwa chini ya mzigo, nasoma volti 13.5, na ninazisoma tena kila kabla ya safari ndefu, kiti cha nyuma kikiwa kimenyanyuliwa, mita ya shilingi 35,000 mkononi. Mzee aliyeiweka rilei amekataa kuniita fundi, lakini sasa ananipokea bila kuniuliza nafundisha somo gani.

Mama bado anakwenda Morogoro kwa basi. Nimemweleza kila kitu, nyaya, rilei, namba. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole kwa gharama, akaniomba nimpeleke kituoni mapema ili apate kiti cha dirishani.